Karatasi za Uhuru Chini ya Meza ya Fundi

Chumba cha Fundi hakikosi watu. Huyu amekuja kupunguza gauni. Yule amekuja kuchukua suruali ya mtoto. Mwingine hana nguo wala uzi; amekuja kusikia habari tu. Kuna cherehani mbili, meza ya kukatia na pasi ya umeme. Pembeni, kwenye kiti chenye mto, hukaa Bibi, mama yake Fundi. Ana miaka themanini na sita. Macho yamechoka, lakini mdomo haujastaafu.

"Kitambaa hicho unakikata upande," alisema asubuhi moja.

"Mama, umejuaje na huoni?"

"Nimesikia mkasi."

Watu wakacheka. Aliyecheka kuliko wote ni Mama Redio, jirani wa mlango wa pili. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu habari haikai kwake hata saa moja. Mwaka ule alikuwa amejiunga na kisomo cha watu wazima. Basi alisoma kila kitu: mabango, mifuko ya sabuni, hata lebo za mashati ya wateja.

"Bibi, tupe ile hadithi yako," alichokoza. "Ile ya kwamba nchi hii ilizaliwa chumbani humu."

"Si hadithi. Vikao vya kudai uhuru vilifanyika humu humu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika."

"Haya, na mimi ndiye niliyeshona bendera!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Bibi hakucheka.

"Karatasi ninazo," alisema. "Kabla sijafa, nataka mtu azisome kwa sauti mbele yenu nyote. Basi."

Maneno hayo yalimchoma Fundi. Mchana, wateja walipopungua, alivuta sanduku la bati lililokuwa chini ya meza. Ndani mlikuwa na karatasi kumi na saba za kukatia nguo. Moja ilikatwa kama kola. Nyingine kama mkono wa shati. Upande mmoja ulikuwa na vipimo. Upande wa pili ulijaa maandishi madogo ya penseli.

"Mikutano ilikatazwa," Bibi alieleza. "Askari waliingia mara mbili. Waliona makola na mikono ya mashati, wakatoka. Na majina hatukuandika. Tuliandika kazi ya mtu: Mkunga, Mwashi, Dobi. Karatasi ikikamatwa, mtu asikamatwe."

Karatasi zilikuwa za kahawia, zimekunjamana, zimeshikwa kwa pini zenye kutu. Fundi akakata shauri. Kesho angezipeleka steshenari zivikwe plastiki, kama watu wanavyofanya na vyeti vya shule. Lakini kwanza zinyooke. Na fundi wa nguo akiona kunyanzi, mkono unaifuata pasi wenyewe.

Akawasha pasi. Akatandika kola mezani. Akapitisha mara moja tu.

Karatasi ikalia kama jani kavu. Upande wa chini ukawa mweusi, ukakatika.

"Fundi! Toa hiyo pasi!"

Mlangoni alisimama mteja aliyekuja kuchukua sketi yake. Huyu dada alifanya kazi kwenye ghala la nyaraka la mji, yaani nyumba ya kuhifadhi maandishi ya zamani. Watu walimwita Mtunza.

Fundi alishika kipande kilichoungua, machozi yakimlengalenga. "Nilitaka kuzitengeneza. Ona sasa! Nimemuunguza mama yangu."

"Umeunguza kona ya karatasi moja," alisema Mtunza. "Kumi na sita hujazigusa. Tuanzie hapo. Osha mikono, ikaushe vizuri."

Akaziangalia moja moja. Kila alivyosoma, uso ulibadilika. Mwishowe alivuta stuli, akakaa karibu na Bibi kama mwanafunzi.

"Bibi, kule kazini tuna hotuba za wakubwa. Vikao vya mtaani kama hivi hatuna hata kimoja. Uliandika haya yote askari wakiwa mlangoni?"

"Na sindano mdomoni," alisema Bibi.

Mtunza akamgeukia Fundi. "Sikiliza, dada. Pasi hapana. Plastiki hapana, kwa sababu inabandikwa kwa moto na haibanduki tena. Selotepu hapana, gundi yake inakula karatasi. Jua hapana, linafuta maandishi. Zilaze zikiwa zimenyooka, pakavu, si sakafuni, mbali na jiko. Kama unataka kuandika namba, tumia penseli, tena juu ya bahasha, si juu ya waraka wenyewe."

"Na pini?"

"Hizo niachie mimi. Sasa, kuna mfuko unaotoa ruzuku kwa nyaraka za kuzaliwa kwa taifa. Watu wa kawaida pia wanaomba, na ghala letu lingezitunza."

"Mkopo?" aliuliza Fundi.

"Si mkopo. Ruzuku hairudishwi. Lakini inafanya kazi ile tu uliyoiombea, na unaonyesha risiti."

Mama Redio alikuwa ameshafika. Nani alimwita? Hakuna. "Wakishazichukua hizo karatasi, mtaziona tena?" aliuliza.

"Swali zuri," alisema Mtunza. "Mnaandikiana mkataba. Karatasi zinabaki mali ya familia. Ghala linazitunza tu. Msiposomewa mkataba wote, msitie sahihi."

Siku tatu baadaye Fundi alimpelekea Mtunza ombi lake. Kurasa mbili zilimsifu Bibi. Ukurasa wa tatu uliomba cherehani mpya, turubai na viti mia.

Mtunza alicheka mpaka akavua miwani. "Fundi wangu, unaomba ruzuku au unaoza binti?"

"Si nilisikia wanatoa!"

"Wanatoa kwa sababu. Waambie una karatasi ngapi, za miaka gani, zina hali gani. Kwa nini nchi ikizipoteza itakuwa imepoteza kitu. Unataka kufanya nini, kwa muda gani. Na nani atazisoma baadaye."

"Ile iliyoungua nayo niseme?"

"Hiyo ndiyo uiseme kwanza."

Fundi aliandika upya. Alisema ukweli wa pasi. Aliomba maboksi na bahasha zisizo na tindikali inayokula karatasi, kazi ya mtaalamu, na picha za kila waraka ili wanafunzi wasome bila kugusa karatasi zenyewe. Ombi likaenda siku mbili kabla ya muda kwisha.

Baada ya miezi minne jibu lilikuja. Ombi limekubaliwa! Mtaalamu alizitoa pini moja moja. Alizilainisha karatasi kwa unyevu kidogo, akazilaza chini ya uzito mpaka zikanyooka. Sehemu iliyoungua haikurudi.

Picha zilipokuwa tayari, Fundi alizileta chumbani kwake. Watu walijaa mpaka dirishani.

"Nani asome?" aliuliza Mtunza.

"Redio," alisema Bibi. "Si anajifanya msomi?"

Mama Redio akasafisha koo. Alipewa picha ya kola. Kidole kikatembea chini ya maneno.

"Kikao cha saba. Dobi... amesema: Mnataka wapige kura... wanaojua kusoma tu. Mimi sijui kusoma. Lakini kodi nalipa. Nguo mnazovaa mkutanoni... nazifua mimi. Kama sisi hatumo..."

Kidole kikafika kwenye kona nyeusi. Hapo ndipo pasi ilipopita. Fundi akainamisha kichwa.

"Bibi, huyu dobi ni nani?" aliuliza Mama Redio.

"Mtaa huu ulikuwa na dobi mmoja tu."

"Mama yangu?"

"Mama yako. Alisimama pale ulipo."

Mama Redio alitazama sakafu. "Na walimjibu nini?"

Mtunza akampa picha nyingine, ya mkono wa shati. Kidole kikafuata mstari mpaka mwisho.

"Maneno ya Dobi... yamekubaliwa na wote. Asiyejua kusoma... naye apige kura."

Hakuna aliyecheka. Siku ile Mama Redio hakutoka mbio kupeleka habari. Alivuta kiti chake karibu na cha Bibi.

"Nisamehe, Bibi."

"Nisomee tena," alisema Bibi.

Akasoma tena. Safari hii hakusita hata kwenye neno moja.