Kicheko cha Kuibiwa

Benki ilikuwa imefurika. Kijana mmoja mrefu, shati lake limenyooshwa kwa pasi, alikuwa anausukuma mlango wa kioo kwa bega.

"Kaka, vuta," alisema dada wa gauni la njano aliyekuwa nyuma yake.

Akavuta kwa nguvu, mlango ukampiga kwenye paji la uso. Akamgeukia mlinzi, akamsalimia kwa heshima zote kana kwamba hakuna kilichotokea. Dada alicheka mpaka foleni nzima ikageuka, na kijana akampenda papo hapo.

Kijana alikuwa mhariri wa filamu, dada alikuwa mfamasia. Haikuchukua muda wakawa wanapigiana simu kila mchana.

"Cheka kidogo, mpenzi, siku yangu ikae sawa."

"Mimi redio, bwana wewe?" Na anacheka. Hakujua kwamba simu ya mwenzake inarekodi.

Mhariri alikuwa na filamu ya vichekesho mezani. Mfanyakazi wa usafi anateleza ofisini, maji ya ndoo yanammwagikia, basi. Tukio hilo halikuchekesha hata kidogo. Hivi, mtu mwenye akili timamu angefanya nini? Angesema ukweli. Yeye akapachika kicheko cha mpenzi wake chini ya tukio lile, kisha, kwa ujinga wa ajabu, akamwalika yeye na mama yake kwenye onyesho la majaribio.

Mama mtu alikuwa amesafisha ofisi za watu miaka yote, na kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha binti. Mwanamke akaanguka kwenye skrini, kicheko cha binti kikajaa ukumbini. Mama akageuka kumtazama mwanawe, aone kama kweli anacheka.

Simu ililia kabla mhariri hajafika nyumbani.

"Umenifanya nimcheke mama yangu!"

"Laazizi, nisikilize. Bila kicheko chako lile tukio limekufa."

"Basi lizike! Kichekesho gani cha kuazima kicheko? Yule mama kaanguka, halafu? Mmempa ndoo, hamkumpa akili. Siku ile benki sikucheka kwa sababu umeumia. Nilicheka ulivyokuwa unapigania heshima yako mbele ya mlinzi!"

"Nisamehe, mama."

"Usiniite mama. Mama yangu amelala bila kula."

Akakata.

Mhariri alikiondoa kicheko. Akachambua vipande vilivyotupwa, akakuta mwigizaji, baada ya kuanguka, alikuwa ameinuka, akafunga kilemba upya, akaendelea kupiga deki mpaka kwenye viatu vya bosi, akavipiga deki navyo, uso mkavu. Bosi anarukaruka, yeye anamfuata.

"Hilo hatukumwambia afanye," mwongozaji alifoka.

"Ndiyo maana linachekesha. Libaki, au nitafutie kazi nyingine."

Likabaki. Onyesho la pili, ambalo mhariri aliwabembeleza mama na binti waje, ukumbi ulilipuka wenyewe, na wa kwanza kujipiga mapaja kwa kicheko alikuwa mama. Mfamasia alikaa amekunja mikono. Taa zilipowaka, mhariri akampigia simu.

"Umecheka?"

"Mama amecheka. Mimi bado nina hasira."

"Nifanye nini, mpenzi?"

"Jumapili uje nyumbani. Umwambie mama uliiba nini na ulikitumia wapi."

"Nije na wazee wangu? Tumalize na lile jambo letu?"

Mfamasia akaisogeza simu mbali na mdomo. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na hakutaka mhariri ayasikie.

"Wazee watakuja kwa posa," alisema. "Kwa hili njoo peke yako."