Bibi wa Fundi Saa

Ilikuwa saa tatu asubuhi, na foleni ya vitambulisho vipya ilikuwa imetoka mlangoni, ikashuka ngazi, ikapinda kona mpaka karibu na choo. Watu walibanana, huyu anapiga miayo, yule anajipepea na fomu yake. Katikati yao alisimama mama mmoja mshonaji, amevaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, limemkaa kiunoni vizuri, na viatu vya kisigino vilivyokuwa vinamuuma tangu kituo cha basi. Nywele zake zilikuwa nyeusi ti. Juzi tu alizipaka rangi, mlango ameufunga kwa komeo kama mtu anayeiba.

"Bibi!" askari wa mlangoni akaita. "Wewe bibi wa gauni la kijani! Pita mbele. Wazee hawapangi foleni."

Mshonaji akageuka nyuma kumtafuta huyo bibi. Hakumwona. Aliona watu wote wanamtazama yeye.

"Bibi nani?" akauliza. "Bibi yako si yuko nyumbani kwenu? Mimi na wewe tumejuana lini?"

Foleni ikacheka. Askari akatazama chini. "Shikamoo, mama. Nilikuwa nakusaidia tu."

"Marahaba. Nisaidie kwa kuninyamazia."

Hapo sauti nzito ikatoka nyuma yake. "Askari, kama huyu dada hataki, hiyo nafasi nipe mimi. Uzee huu nimeungoja miaka sitini na minane, leo ndiyo mara ya kwanza unanipa faida."

Alikuwa mwanamume mrefu mwenye mvi kichwa kizima. Shati lake lilipigwa pasi mpaka kola imesimama, lakini koti la kahawia alilovaa lilikosa kifungo cha katikati. Akapita, akafika ngazi ya juu, kisha akageuka.

"Dada, njoo basi. Nitasema unanishika mkono nisianguke. Hapo hutakuwa mzee, utakuwa umemsindikiza mzee."

Mshonaji alitaka kununa, akashindwa. Miguu ilikuwa inawaka moto. Akapanda, akamshika mkono.

Ndani walipigwa picha, wakapewa kila mmoja karatasi ya kuchukulia kitambulisho baada ya miezi mitatu. Yule mzee akaikunja yake na kumpa mshonaji.

"Nitunzie. Mimi ni fundi saa. Saa za watu wote nazikumbuka, vitu vyangu vyote napoteza."

"Hujui hata ninakaa wapi!"

"Najua unavaa kijani na una mdomo. Nitakupata."

Akampata. Baada ya siku mbili alisimama mlangoni pa kibanda chake cha kushonea, chini ya ubao uliofifia: MAGAUNI YA BIBI HARUSI NA SARE ZA SHULE.

"Nimeleta koti," akasema. "Linalia kifungo."

Mshonaji akatoa sindano na uzi, akampa mgongo. Akaulamba uzi, akauelekeza kwenye tundu. Ukapita pembeni. Akaulamba tena. Ukapita pembeni. Siku nyingine zote alimpelekea jirani yake, muuza vifungo, amtungie, akisingizia mkono umechoka. Leo hakuweza kutoka.

Fundi Saa alitoa mfukoni lenzi ndogo nyeusi, ile mafundi saa wanayoibana kwenye jicho, akaibana. Kisha akanyoosha mikono yake mbele, na mshonaji akaona: ilikuwa inatetemeka, vidole vyote kumi.

"Miaka miwili sasa sifungui saa ndogo," akasema. "Nabadilisha betri na mikanda tu. Macho yangu hayajambo, mikono ndiyo imegoma. Wewe je?"

Mshonaji akanong'ona, "Macho."

"Basi mimi na wewe tukiungana ni fundi mmoja mzima. Shika sindano. Lete uzi. Kulia kidogo. Panda. Umepitiliza, shuka. Hapo hapo. Ingia."

Uzi ukaingia.

Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi saa nne, wakatunga sindano ishirini za siku nzima, wakazichoma kwenye mto mdogo, kila moja na mkia wake wa rangi. Kulia kidogo. Panda. Hapo hapo. Mabega yao yakazoeana. Alinukia sabuni na mafuta ya mashine. Na kabla hajaja, alipiga simu.

"Binti, umeamka?"

"Kijana, nimeamka tangu alfajiri. Magoti yako yanasemaje leo?"

"La kulia linasema mvua itanyesha. La kushoto linabisha."

"Na wewe unamwamini nani?"

"Mimi namwamini binti mmoja hivi, ila anapaka nywele rangi mpaka masikio."

"Koma! Nitakata simu."

"Kata. Nitapiga tena."

Siku moja, wakiwa kwenye sindano ya kumi na mbili, alimuuliza, "Mpenzi, uzee umekufanya nini hata unaukimbia hivyo?"

Mshonaji akaweka sindano chini. "Mama yangu alikuwa fundi. Mkasi alinifundisha yeye. Alipoacha kuuona mstari wa chaki, kaka alimchukua kwake, akamweka kwenye kiti pembeni ya kabati. Wote wakawa wanamwita bibi. Mpe bibi chai. Msogeze bibi, jua limemfikia. Wanamsema naye yupo anawasikia. Siku alipokufa, wajukuu walikuwa hawajui jina lake."

Fundi Saa aliushika mkono wake kwa ile mikono yake isiyotulia. "Mimi sina kabati," akasema. "Kwa hiyo pembeni yake hakupo."

Mshonaji akacheka huku machozi yanamtoka. Siku hiyo alijua kwamba anampenda, akaona haya kama msichana.

Wiki iliyofuata alilitia lile koti bitana mpya ya hariri kwa ndani, akavaa gauni la kijani, akampelekea mwenyewe kwenye kijimeza chake, chini ya ngazi za jengo la maofisi. Watu walikuwa wanapanda na kushuka. Fundi Saa alikuwa amempa mgongo, anaongea na simu kwa sauti ya juu, kama wanavyoongea wenye simu za zamani.

"Hapana, mwanangu, usinitafutie mfanyakazi! Nimeshapata bibi hapa... Ndiyo, bibi! Bibi wa kukaa naye. Anashona, anapika, hana shida... Eee, bibi wa umri wangu."

Mshonaji alisimama. Hakusubiri neno jingine. Alilitandika koti kwenye kiti cha wateja, taratibu, akaondoka. Kwa hiyo kwake ndivyo alivyokuwa. Wala si binti. Bibi wa kupika, asiye na shida. Alitembea mpaka nyumbani kwa miguu, na visigino vile, akafika akavitupa chini ya kitanda.

Kesho yake simu ililia. Hakupokea. Ikalia siku ya pili, ya tatu. Saa nne alikuja, na mshonaji akajificha nyuma ya pazia la kujaribia nguo, akamwachia muuza vifungo.

"Fundi amesafiri, baba."

"Amesafiri? Na kandambili zake zile pale?"

"Amesafiri na viatu, baba."

Fundi Saa akasimama kidogo. "Mwambie nilikuja. Mwambie magoti yote mawili leo yamekubaliana."

Nyuma ya pazia mshonaji alijiziba mdomo kwa kiganja. Hakutoka. Wiki tatu hakutoka, mpaka simu ikaacha kulia yenyewe.

Siku ya ishirini na tatu aliingia mwanamke wa makamo, amevaa suti ya ofisini, macho mekundu, ameshika lile koti la kahawia.

"Shikamoo. Samahani, wewe ndiye yule bibi aliyekuwa anamsaidia baba yangu kazi za nyumbani?"

Mshonaji akahisi shavu limepigwa. "Mimi sifanyi kazi za nyumba ya mtu."

"Nisamehe, mama. Baba ameanguka bafuni, nyonga imevunjika. Alilala sakafuni tangu asubuhi mpaka mchana, ndipo mwenye nyumba akamsikia. Ametoka hospitali jana, na leo namchukua, tunaenda kwangu, mbali. Alikuwa ameniambia anaye bibi. Mimi nikajua ni mama mtu mzima wa kazi, nikatulia. Nimefika, bibi hayupo. Namuuliza yuko wapi, ananiambia, 'Amekasirika, wala sijui nimemkosea nini.' Nikajiuliza, mtu na mfanyakazi wake wanasusiana namna hii?" Akashusha pumzi. "Sasa uliposema hivyo, nimekumbuka. Marehemu mama yangu naye, baba alikuwa anamwita hivyo. 'Subirini nimuulize bibi yangu.' Sisi watoto tulikuwa tunamcheka, tunamwambia baba, siku hizi watu wanasema mke."

Cherehani ilikuwa imesimama. Nje upepo uliugonga ubao ukutani, ngo, ngo. Mshonaji akautazama kupitia mlango. Hakuhitaji macho kuusoma. Aliuandika mwenyewe, miaka thelathini iliyopita. Bibi harusi. Neno ambalo alilitamka kila siku kwa kila msichana aliyempima kifua na kiuno. Na baba yake mwenyewe, enzi hizo, alimwitaje mama yake kabla ya kile kiti cha pembeni ya kabati? Bibi. Bibi yangu, njoo ule.

Alichukua sindano, uzi na koti, akamfuata yule mwanamke bila kufunga mlango.

Chumba cha Fundi Saa kilikuwa kimeshavuliwa. Ukutani yalibaki maduara meupe, mahali saa zilipokuwa zimetundikwa. Mabegi mawili mlangoni. Yeye alikaa kwenye kiti cha magurudumu, hajanyolewa, shuka limemfunika mapaja.

"Kijana," mshonaji akaita.

"Kijana ameondoka. Amebaki baba yake."

Akaja mbele, akapiga magoti. "Nilikusikia kwenye simu. Ulisema bibi."

"Nilisema."

"Nikadhani unasema kizee."

Fundi Saa akamtazama, polepole akaelewa. Kicheko kikaanza kifuani, nyonga ikamuuma, kikakatika. "Na ule ubao wako je?"

"Nimeusoma leo."

"Miaka yote hiyo, binti!"

"Usiniite binti. Niite vile. Nimekuja tukae. Tukaandikishane, tuoane, niwe bibi yako wa maana zote mbili."

Fundi Saa akatazama mlangoni. Nje dereva alikuwa anafungua buti la gari.

"Siku ile kwenye foleni nilikuwa natania," akasema. "Uzee ulikuwa unanipigia hodi tu, tunacheka naye mlangoni. Nikajiona nimemjua. Sasa ameingia ndani. Jana nimeogeshwa na mtoto niliyemwogesha mimi. Nimefumba macho kama niliyekufa."

"Mimi nitakuogesha, hutafumba macho."

"Najua utafanya. Ndiyo maana naondoka. Unikumbuke nikiwa nimesimama."

"Wewe? Wewe uliyekuwa unanicheka kwa chupa ya rangi?"

"Nisamehe. Sikujua kilichokuwa kinakuuma."

Mshonaji alibishana naye, akambembeleza, akamtukana hata. Alimwita mwoga. Fundi Saa alikuwa anaitikia kila kitu kwa kichwa, na hakubadilika. Mwishoni mshonaji akaona machozi hayamsaidii. Akatoa sindano.

"Kifungo kimelegea," akasema.

Fundi Saa akaibana lenzi kwenye jicho, lililokuwa limeloa. "Kulia kidogo. Panda." Uzi ukapita pembeni. "Tulia, bibi yangu."

"Siwezi. Leo na yangu inatetemeka."

"Rudi. Kushoto. Shuka kidogo." Ukapita pembeni tena, na tena. Mara ya nne ukaingia. Hakuna aliyesema "hapo hapo."

Alimvalisha koti, akakishona kifungo likiwa mwilini mwake, akainama akakata uzi kwa meno, karibu na moyo. Ulikuwa unadunda haraka. Fundi Saa akaiweka ile lenzi kiganjani mwa mshonaji, akamkunja vidole.

"Na nani ataniambia kulia kidogo?"

"Utajiambia. Sauti yangu unaijua."

Gari likaondoka.

Mshonaji alipiga simu kila asubuhi. Mara nyingi alipokea binti yake Fundi Saa. "Anakusikia, mama, nimekuweka kwenye spika. Anatikisa kichwa tu." Naye angesema hivyo hivyo, "Kijana, umeamka? Magoti yanasemaje?" kisha angesikiliza pumzi za upande wa pili mpaka salio liishe.

Miezi mitatu ilipotimia alirudi kwenye ile ofisi. Alivaa gauni la kijani na viatu bapa. Nywele zilikuwa zimeota nyeupe vidole viwili kutoka shinani, na hakuwa amezigusa. Askari alikuwa yule yule. Alimwona, akageuza uso haraka.

"Leo huniiti?" mshonaji akamuuliza.

"Naogopa, mama."

"Niite."

Askari akameza mate. "Bibi, pita mbele."

Akapita, taratibu, ameshika chuma cha ngazi upande ambao siku ile alikuwa ameshika mkono. Dirishani akatoa karatasi mbili. Karani, msichana mwenye kucha ndefu, akatafuta sandukuni, akaweka vitambulisho viwili juu ya meza. Mshonaji akatoa lenzi, akaibana jichoni, akakiinamia kile cha pili. Shati la kola iliyosimama. Koti lisilo na kifungo. Macho hayakutazama kamera. Yalitazama pembeni yakicheka, mahali alipokuwa amesimama yeye.

"Hiki cha mzee hachukui mtu baki," karani akasema. "Lazima ndugu. Wewe ni nani wake?"

"Mimi ni bibi yake."

Karani akakitazama kitambulisho, akamtazama yeye, akaangua kicheko. "Jamani! Huyu babu ana miaka sitini na minane. Wewe utakuwaje bibi yake? Ulimzaa mama yake lini?"

Foleni nzima ikacheka. Mshonaji naye akacheka, akacheka mpaka lenzi ikamdondoka jichoni, ikagonga meza, na karani akaacha kucheka kwa kuona uso wake.

"Andika hivyo hivyo, mwanangu," akasema. "Bibi yake."