Barua Kumi na Nne za Mwalimu Mkuu

Uhalifu uligunduliwa Jumatano, saa nne na nusu asubuhi, mpishi wa shule alipoingia ofisini mwiko mkononi, akitaka kujua nani kaandika kwamba supu yake inafaa kuzibulia mabomba.

Aliyeandika alijulikana; aliyetuma hakujulikana. Mwalimu Mkuu alikuwa na desturi yake: akikasirika, anaandika barua yenye sumu, anaiacha ndani ya kompyuta bila kuituma, anakunywa maji, anarudi kuwa binadamu. Kwa miaka sita barua kumi na nne zilikuwa zimelala humo salama. Asubuhi hiyo zote ziliamka na kwenda zao. Moja ilifika kwa mwenyekiti wa bodi: "Hotuba yako ya saa mbili ningeweza kuifupisha kwa kukohoa mara moja."

Mwenyekiti alikuwa amepiga simu. Angefika saa sita kamili, na alimtaka mhalifu.

"Mhalifu ni Toleo," Mwalimu Mkuu alimwambia Bi Kimya, mkutubi, aliyewahi kumnasa mwizi wa kamusi kwa kumsikiliza tu akibishana. "Wewe nitafutie ushahidi. Saa sita namfukuza kazi."

Akampa orodha ya washukiwa, akiwa ameishika mbali na uso kana kwamba inanuka. Ilikuwa na jina moja. Bi Kimya alitia mkono mfukoni amrudishie kitu alichokisahau maktaba asubuhi, juu ya gazeti, lakini mzee alikwisha kumfungia mlango.

Toleo, mwalimu wa kompyuta, aliitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kutumia kitu kilichokamilika. Jumatatu aliwaletea walimu programu ya majaribio inayosoma barua pepe na kuzijibu, akawaonya wasiiamini bado. Mwalimu Mkuu aliipiga marufuku mbele ya kikao, akabandika tangazo ukutani. Sasa Toleo alikuwa akipanga nyaya zake katika katoni.

"Uliiweka wewe kwenye kompyuta yake?" Bi Kimya aliuliza.

"Niliiweka kwenye zote, mama, kabla ya kikao. Lakini haigusi barua mpaka mwenyewe aipe ruhusa. Hata mimi sijaipa."

"Wewe? Wewe unayekula vitu vibichi?"

"Simu ikigoma nacheka. Barua zangu zina mama mkwe ndani yake."

Alimwonyesha kumbukumbu za programu. Ruhusa ilitolewa kwenye kompyuta ya Mwalimu Mkuu, saa nne na dakika nne. Programu iliuliza maswali sita. Ikajibiwa "Ndiyo" mara sita, kwa sekunde tisa. Swali la sita, kwa maandishi madogo kama chawa, lilikuwa: "Nitume pia barua ulizoandika ukaziacha?"

"Saa nne na dakika nne ulikuwa wapi?"

"Darasani. Nina mashahidi arobaini. Ukiwatoa waliolala, kumi na mmoja."

Naibu wa Mwalimu Mkuu alikutwa ndani ya ofisi ya mkuu wake, ambaye alikuwa ametoka, akipima dirisha kwa macho.

"Kiti chake unakitaka?"

"Nakitaka, dada, na sijawahi kuficha. Ila barua ya kumi na tatu inasema kicheko changu ni geti lisilotiwa mafuta. Ningejitumia mwenyewe?" Saa nne alikuwa chumba cha walimu, akinywa chai na wenzake watano. "Yeye alibaki humu peke yake, anagonga mihuri kwenye ripoti. Alisema asisumbuliwe."

Bi Kimya aliinama juu ya meza ya Mwalimu Mkuu. Kidau cha wino wa zambarau kilikuwa wazi. Kwenye kipanya cha kompyuta, pale kidole kinapobonyeza, palikuwa na doa la zambarau, bado bichi.

Saa sita kamili mwenyekiti aliingia, barua mkononi. Toleo alisimama kando, katoni kifuani.

"Huyu hapa," alisema Mwalimu Mkuu.

"Samahani, mzee," alisema Bi Kimya. "Hebu tuonyeshe kidole chako cha shahada."

Kilikuwa cha zambarau.

"Mtu anayesoma hajibu maswali sita kwa sekunde tisa. Aliyejibu hakusoma, na hakusoma kwa sababu hakuona. Miwani yako ninayo mimi tangu asubuhi."

Mwalimu Mkuu alikaa chini polepole.

"Nina barua mia mbili sijazijibu," alisema. "Naibu kila siku anajisifu amemaliza zake. Nikasema niijaribu kidogo tu, hakuna atakayejua. Nilikuwa naona kitufe cha kijani. Nikabonyeza mpaka kikaacha kuja." Akamgeukia Toleo. "Mwalimu, rudisha nyaya zako mahali pake. Nimekukosea. Uliniambia nisiiamini, nikaitangaza marufuku, kisha nikaiamini."

Toleo aliweka katoni chini kwa heshima ya mtu anayeshusha jeneza tupu.

Mwenyekiti aliikunja barua yake, akaitia mfukoni. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Hicho kitufe cha kijani," aliuliza, "ni kile cha duara, kinachorukaruka chini ya skrini?"

"Ndicho," alisema Toleo.

"Mjukuu wangu kaniwekea jana. Nimekibonyeza sasa hivi, nikiwa garini kuja huku."

"Na mheshimiwa huwa anaandika barua bila kuzituma?" Toleo aliuliza.

Kabla hajajibu, kompyuta ya Mwalimu Mkuu ililia. Ikalia tena. Ililia mara tisa.

Bi Kimya alitoa miwani mfukoni, akaipangusa kwa pindo la kitenge chake, akamkabidhi mwenyewe.

"Hizi," alisema, "uzisome polepole."