Sabuni Iliyoamshwa Mapema

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, wenzake walikimbilia uwanjani, naye Mawingu alikwenda kuchukua ufunguo wa stoo. Jina hilo alipewa na darasa zima, kwa sababu hata mwalimu akimwuliza saba mara nane, kwanza angetazama dirishani kana kwamba jibu linapita huko angani.

Stoo ilikuwa chumba cha mwisho kabisa, kilichowahi kujaa madawati mabovu. Sasa kulikuwa na rafu za mbao, na juu yake vipande vya sabuni vilivyopangwa kwa mistari, kila kimoja na nafasi yake ya kupumua. Jua la alasiri lilipenya dirishani na kuvifanya ving'ae kama asali. Mawingu alivua viatu mlangoni. Hiyo ilikuwa desturi ya klabu yao ya kutengeneza sabuni: ukiingia, unavua viatu na kunong'ona, maana sabuni imelala.

Maneno hayo aliyaanzisha mwalimu wa sayansi. Siku ya kuchanganya magadi makali na mafuta, alivaa glavu akaifanya kazi mwenyewe, wanafunzi wamesimama mbali. Kisha akasema, "Sasa tunaiacha ilale wiki nne, ukali upungue taratibu. Ukiiamsha mapema, itakuuma." Walicheka sana, lakini tangu siku hiyo walinong'ona.

Faida yote ya sabuni ingenunua mablanketi ya wodi ya watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya wakati wao, katika kituo cha afya cha jirani. Mawingu aliwahi kuwaona kupitia kioo. Walikuwa wadogo mno, wamefunikwa vipande vya shuka kuukuu. Tangu hapo, kila alipofumba macho, aliona mablanketi meupe yakishuka polepole kutoka darini, moja kwa kila mtoto, bila sauti yoyote.

Wiki ya pili ilipokuwa inaisha, Redio alimfuata stoo. Huyu alikuwa mweka hazina wa klabu, na mdomo wake haukuwa na swichi ya kuzimia.

"Kesho ni siku ya wazazi," alisema kwa sauti kubwa. "Wote watakuwa hapa, na pesa mfukoni. Tuuze!"

"Shh! Bado wiki mbili."

"Iguse basi. Si ngumu kama jiwe? Imeiva hiyo. Na baridi ndiyo hiyo inaingia. Au unataka watoto wangoje mpaka sabuni ipige miayo?"

Mwalimu alikuwa amesafiri kwenda semina. Mawingu alizitazama rafu. Mablanketi yakaanza tena kushuka mbele ya macho yake, mengi, laini, karibu ayaguse.

"Haya," alisema.

Walivibeba vipande vyote nje, miguuni wakiwa na viatu.

Kesho yake meza yao ilizungukwa kama kisima wakati wa kiangazi. Wazazi walinusa, wakasifu, wakanunua. Muuguzi wa wodi ya njiti alichukua boksi zima. "Jioni hii nafulia nguo za vichanga vyangu," alimwambia Mawingu akicheka. "Watanukia kama maharusi!" Mawingu alicheka pia. Furaha ilikuwa imemjaa mpaka hapakubaki nafasi ya kufikiri.

Alirudi nyumbani akielea. Shangazi yake alikuwa uani akiosha vyombo kwa kipande alichonunua shuleni.

"We mtoto, hebu njoo! Hii ni sabuni au pilipili?"

Katikati ya vidole vyake ngozi ilikuwa nyekundu.

"Shangazi, mimina maji mengi! Usiitumie tena!"

Hapo hapo Mawingu alikumbuka kicheko cha muuguzi. Jioni hii. Nguo za vichanga. Alitoka mbio bila kuaga.

Kwenye kona alikutana na Redio, akamweleza huku akihema. Redio alishika kichwa.

"Ukisema, wote watadai pesa zao. Mablanketi yatakwenda na maji! Mwambie tu asuuze vizuri."

Mawingu alisimama. Kwa muda wa pumzi moja, neno hilo lilionekana jepesi na zuri. Kisha akavikumbuka vidole vya shangazi yake. "Shangazi ni mtu mzima, na imemchoma," alisema, akaendelea kukimbia.

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya wodi. Karai lilijaa maji, na kando yake palikuwa na rundo la nguo ndogo kama za mwanasesere. Muuguzi alikuwa amekunja mikono ya gauni, kipande cha sabuni mkononi.

"Sista, usifue!"

Alimwambia yote: wiki mbili badala ya nne, ufunguo, siku ya wazazi. Hakumtaja Redio. Muuguzi alirudisha kipande kwenye boksi, akalifunika.

"Ngozi zao ni kama ganda la ndani la kitunguu," alisema kwa sauti ya chini. "Na wale wengine walionunua, wamejua?"

"Bado."

"Basi bado hujamaliza kusema."

Mwalimu aliporudi asubuhi yake, Mawingu alimweleza yote, naye hakufoka. Alichukua kofia yake, akafuatana na Mawingu na Redio nyumba hadi nyumba. Redio ndiye aliyetangulia, akiita, "Sabuni irudi, jamani! Haijaiva!" Baadhi walichukua pesa zao wakisonya. Wengi walirudisha vipande wakasema watangoja. Rafu zikajaa tena, na baridi ikaingia.

Usiku Mawingu alikuwa akijikunja kitandani, akiwawaza watoto. Mwishowe alishindwa kuvumilia, akaenda wodini. Muuguzi alimwonyesha kupitia kioo. Akina mama walikuwa wameketi kwa utulivu, kila mmoja amembana mtoto wake kifuani, ngozi kwa ngozi, shuka moja juu ya wote wawili. Chumba kizima kilikuwa kikipumua pamoja.

"Kifua cha mama ndilo blanketi la kwanza," muuguzi alisema. "Hakuna aliyeganda. Lakini mama naye huchoka. Yaleteni tu yakiwa tayari."

Sabuni ilipokomaa, waliokubali kungoja walipewa vipande vyao, na waliorudishiwa pesa wakaja kimya kimya kununua upya. Mablanketi yaliyopatikana hayakuwa mengi kama ya ndotoni, ila yalikuwa ya kweli, na mazito kidogo mikononi.

Muuguzi aliwaingiza Mawingu na Redio wodini baada ya kunawa. Mama mmoja alimwinua mwanawe taratibu, Mawingu akamfunika. Mtoto akajinyoosha, akatulia.

"Sista," Mawingu alinong'ona, "mimi nilitaka kuwasaidia tu. Hata siku ile."

"Najua, mwanangu. Nia yako ilikuwa njema tangu mwanzo." Muuguzi aliinama, akakunja pindo la blanketi chini ya miguu ya mtoto. "Lakini huyu haijui nia yako. Anajua tu kile kilichogusa ngozi yake. Ndiyo maana wema nao hufanywa kwa uangalifu na ukweli, kama kazi nyingine yoyote."