Mgeni wa Bwana Tindo

Biasha aliitikia hodi ya televisheni, na mumewe akamtazama kama anavyotazamwa kuku aliyeingia msikitini.

"Karibu, pita ndani," alikuwa amesema Biasha, mikono ikiwa kwenye ungo wa mchele, bila hata kuinua macho.

"Unazungumza na sanduku," akasema Mzee Fondo.

"Nimesikia hodi."

"Umesikia sanduku."

Aliyeshtuka ni Ngui, mpangaji wao. Yeye hakumtazama Biasha. Alikuwa amekikodolea macho kioo, ambapo kulikuwa na mlango wa mbao uliofungwa na ukimya.

"Hapa huwa anapiga hodi tena," alisema taratibu. "Mara tatu. Hii kanda nimeikariri. Mbona amenyamaza?"

Mzee Fondo wa Mwero alikuwa bado anamtazama mkewe. Alikuwa amestaafu ukarani wa mahakama huko Kwale, kazi aliyoanza enzi ambapo karani aliyekosea jina la mshitakiwa alilala bila mshahara, na hata sasa, nyumbani kwake Msambweni, hakuna aliyeitwa kwa nusu ya jina. Mpangaji alikuwa Ngui wa Muange, mzaliwa wa mashamba ya makazi ya Shimba Hills, aliyekodisha kanda za video mjini Ukunda. Mvua za El Nino zilipong'oa paa la duka lake, aliomba kuihifadhi televisheni, deki na maboksi yake ya kanda katika sebule ya mzee. Mzee alikubali kwa ajili ya mvua, na akajuta kabla mvua haijakatika.

Kati ya kanda hizo ilikuwapo moja ambayo hakuna mtu wa Ukunda aliyewahi kuikodi. Iliitwa *Nyumbani kwa Bwana Tindo*. Ulikuwa mchezo wa kuchekesha uliorushwa majuma machache miaka ya nyuma, saa ambayo watu hawako mbele ya televisheni, ukaondolewa na asiulize mtu. Sasa kuna waliouweka kwenye kanda, sijui kwa tamaa gani. Ngui aliutazama siku moja kwa kukosa kazi, akainuka akiwa kama mtu aliyeokoka.

"Mzee, hii kitu ni noma. Watu walilala," alisema. "Nchi nzima haikuiona. Sisi ndio wa kwanza, imajini!"

"Kitu kisichotazamwa na nchi nzima, Ngui wa Muange, huenda nchi nzima ilikuwa na akili."

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Bwana Tindo na mkewe wanaandaa chakula. Mgeni anapiga hodi. Wao wanaficha sufuria chini ya kitanda, wanazima redio, wanabanana nyuma ya kabati na kugombana kwa kunong'ona. Mgeni anapiga hodi tena, na tena, na hakuna anayemwitikia. Haonekani kamwe, ni sauti tu. Kila kipindi kilikuwa hicho hicho, ila chakula kingine. Michezo mingine ya namna hii huwekewa vicheko vya watu nyuma yake. Huu haukuwa na hata kicheko kimoja. Baada ya kila mzaha palikuwa na kimya kama cha mahakamani hakimu anapoingia.

"Watu wa Nairobi hawajui kuitikia hodi," Mzee Fondo alihukumu, "na ujinga wao wameufanya mchezo. Huku kwetu hata mwizi akibisha huambiwa karibu."

Siku ya pili baada ya hodi ile Biasha alimimina kikombe cha chai cha ziada, akakiweka mbele ya kiti cha pembeni ambacho hakuna aliyekuwa akikikalia.

"Cha nani?"

"Cha mgeni."

Sebule ilikuwa na harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi. Mzee alilaumu mvua. Kiti kililia, kama kinavyolia mtu anaporudisha mgongo, na mzee akalaumu mchwa.

Ngui aliiweka kanda tena, mchana, ili ahakikishe. Hodi haikuja. Bwana Tindo na mkewe walificha sufuria, wakabanana nyuma ya kabati, wakangoja. Wakangoja mno. Kisha Bwana Tindo akachungulia mlangoni, akageuka, akawatazama moja kwa moja waliokaa katika sebule ya Msambweni, akasema neno ambalo Ngui hakuwahi kulisikia katika kanda ile.

"Amekwenda."

Mkewe akalia kwa furaha. Wakatoa sufuria, wakala.

Ngui aliing'oa kanda ikiwa bado inazunguka, utepe wake ukamtoka mikononi kama utumbo wa samaki, akautupa motoni jikoni. Mzee Fondo alimdharau kwa hilo pia.

Lakini bangili za Biasha, zilizokuwa zikimbana mkononi, zilianza kushuka hadi kwenye vidole. Kila alichopika alikipakua kwanza kwa mgeni, naye mgeni hakushiba, na sufuria ilipofika kwake ilikuwa imekwisha. Alipelekwa hospitali, akapimwa malaria, akarudi na vidonge na uzito mdogo zaidi.

"Kula, Biasha," mumewe alimwambia. Miaka mingi hakuwa amemwomba kitu.

"Mgeni kwanza, baba. Mimi ndiye niliyemkaribisha."

Ngui alimfuata mzee uani, akanong'ona. "Mzee, nimemsikia. Sasa hivi, mchana huu. Anamwambia Mama aongeze mchuzi."

"Amekuja bila kualikwa, na analalamikia mchuzi!"

"Usipaze sauti, Mzee. Tafadhali."

Mzee Fondo aliingia sebuleni kwa hatua za mtu anayekwenda kumfukuza mbuzi, akamkuta mkewe amepiga magoti mbele ya kile kiti akiwa ameinua sahani kwa mikono miwili, na wali ulikuwa ukipungua katika sahani, tonge baada ya tonge, bila mkono, na ile harufu ya nguo mbichi ikamjia usoni ikiwa na joto, joto la pumzi, na hapo ndipo alipojua, yeye aliyewacheka waganga na wateja wao kwa umri wake wote, kwamba kile kitu kilikuwa kimeacha kutafuna ili kimtazame.

Aliagiza mganga.

Tsuma wa Kikoneni alifika kwa baiskeli, amevaa koti la suti juu ya shuka, na kalamu kwenye mfuko wa koti. Mzee aliitazama ile kalamu na kusikitika. Tsuma hakujali. Alichoma ubani, akamfunika Biasha kitambaa cheupe, akauliza kwa heshima, "Nani mwenzetu?"

Sauti iliyotoka kinywani mwa Biasha ilikuwa ya kiume, na Ngui akaziba uso, kwa maana aliijua.

"Sina jina. Hawakunipa. Nilikuwa sauti ya mlangoni tu."

"Asiye na jina hana kesi," akasema Mzee Fondo.

"Nyamaza, mzee," akasema Tsuma. "Umeingiaje humu?"

"Nilipiga hodi. Nikaambiwa karibu, pita ndani. Sikuvunja mlango wa mtu."

Tsuma alikuna kidevu. "Ana haki," alimnong'oneza mzee. "Aliyekaribishwa hafukuzwi kwa fimbo. Lazima aage mwenyewe."

Walibembelezana mpaka alasiri. Mgeni alipewa marashi, asali na kitambaa kile cheupe, na mwisho akakubali kuondoka. Tsuma akawavuta mzee na Ngui pembeni.

"Akiaga, msimjibu. Na wewe mzee, usije ukamwambia karibu tena. Ukimwambia, huyo ni wako, na mimi sitarudi."

"Hata kwaheri?" akauliza Ngui.

"Hata kwaheri."

"Bwana Tsuma," akasema Mzee Fondo, "nimenyamaza mbele ya mahakimu wa Kizungu. Sifundishwi kunyamaza na mtu wa baiskeli."

Mlango ulifunguliwa. Mvua ilikuwa imekatika. Biasha alisimama kizingitini, mguu mmoja nje, na sauti ikasema kupitia kwake, "Haya, mwenye nyumba, kwaheri."

Kimya.

"Nimekula kwako, nimekalia kiti chako. Nakuaga."

Kimya. Ngui alikuwa amejing'ata kiganja. Biasha akavuta pumzi ndefu, akaanguka mikononi mwake, mwepesi kama kanga iliyoanikwa, akafungua macho. "Nina njaa," alisema, kwa sauti yake mwenyewe. "Jamani, nina njaa."

Tsuma alikuwa tayari ameshika usukani wa baiskeli. Ngui alimkalisha Biasha, akamwekea sahani ya sima mapajani. Imekwisha, mzee alijiambia, na hapo akaisikia sauti ikiwa mbali, kwenye ua wa michongoma, ikizungumza peke yake.

"Nilidhani nimefika pwani. Kumbe ni kwa Bwana Tindo tu. Watu wale wale, wanajificha nyuma ya kabati. Mzee mzima hajui kumuaga mgeni. Hakulelewa huyu. Mtu wa Nairobi huyu."

Mzee Fondo wa Mwero angeweza kuvumilia jini, na njaa, na mganga mwenye kalamu. Lakini kuhesabiwa pamoja na wale aliowadharau, kupimwa adabu na kitu kisichokuwa hata na jina, kitu kilichotoka katika mchezo ambao nchi nzima iliukataa, hilo lilimpanda kooni, na Tsuma alipogeuka kumzuia, mzee alikuwa amekwisha kuinua kidevu, na kwa dharau yake yote, kwa Kiswahili safi, alisema kama alivyomwambia kila mgeni aliyewahi kutoka mlangoni pake:

"Karibu tena."

Ndipo kikaja kicheko.

Kilitoka kwenye televisheni iliyokuwa haina hata waya ukutani, kikatoka darini, kikatoka uani, kicheko cha watu wengi mno, waliokuwa wamengoja mzaha ule tangu kipindi cha kwanza. Walicheka mpaka wakapiga mapaja. Tsuma alikanyaga pedali bila kuaga.

Kisha wakanyamaza wote pamoja, kama watu wanaotaka kusikia kinachofuata.

"Hodi," ikasema sauti mlangoni.

Na Biasha, kinywa kikiwa kimejaa sima, akaanza kumeza upesi ili aitikie.