Pedi ya Bosi

Nilifika kwa fundi redio jua likizama, naye keshaanza kufunga milango. Mashine yetu ya gemu ilikuwa mezani, imefutwa vumbi, na pembeni yake niliiona ile alama ya meno. Meno ya Bosi, mdogo wangu. Siku moja alishindwa mchezo, basi akaing'ata.

"Inawaka," fundi alisema. "Ila tundu la kuchomekea pedi ya pili, hii ya kubonyezea, limekufa, dada yangu. Limeliwa na kutu. Kiwanda kilishaacha kuzitengeneza hizi, kipuri nitakitoa wapi? Utacheza peke yako."

Nilimlipa, nikaibeba mashine. Siku zote nilikuwa nacheza peke yangu.

Bosi tulimwita hivyo kwa amri zake. Alikuwa na miaka saba, mimi kumi na mbili. Alikuwa na pumu, akipumua unasikia kama filimbi ndogo kifuani. Akilia anataka kucheza, nilimpa pedi ya pili, waya wake nikauficha chini ya zulia. Haukuchomekwa popote. Mchezo ulikuwa wa mbio za magari: gari jekundu lilikuwa langu, la kijani liliendeshwa na mashine yenyewe, na Bosi aliamini ni yeye.

Alitaka sana gari lake lirudi kinyumenyume. Alibonyeza weee, gari likakataa. Nami nilimwambia, "Unacheza vizuri, Bosi. Endelea hivyo hivyo."

Alifariki huku akimnong'oneza mama kwamba amenishinda mara tatu.

Miaka ishirini na mbili nimeishi na uongo huo. Nilichotaka ni kumwambia ukweli mbele ya mashine ile ile, nimwombe radhi. Basi.

Nilipofika nyumbani, mama alikuwa jikoni anakata vitunguu. Niliiunganisha mashine na runinga, nikakaa sakafuni, nikachomeka pedi yangu. Ya Bosi niliiweka pale alipokuwa anakaa, waya wake umelala tu zuliani. Muziki ukaanza, ule ule.

Magari yakaondoka.

Kwenye kona ya kwanza, la kijani likasimama.

Halafu likarudi nyuma.

Taratibu... kinyumenyume... mpaka mstari wa kuanzia.

Harufu ikanijia. Ile dawa ya kuchua kifua aliyokuwa anapakwa na mama, kali mpaka machozi. Na karibu kabisa na bega langu... *hiii... hiii...*

Sikugeuka. Sikuthubutu.

"Bosi," nilinong'ona. "Nilikudanganya. Pedi yako haikuwahi kuchomekwa. Hata siku moja. Nisamehe, mdogo wangu."

Filimbi ikakatika. Gari la kijani likatulia. Niliendelea kubonyeza, maana la kwangu lilikuwa linakwenda vizuri ajabu, linakata kona ambazo sijawahi kuziweza.

"Najua, dada."

Sauti ilikuwa yake. Haikuwa na hasira hata chembe.

"Unacheza vizuri. Endelea hivyo hivyo."

Nikatazama chini.

Waya wangu ulikuwa umechomoka. Ulikuwa zuliani, sambamba na wa kwake. Na gari jekundu bado lilikuwa linakimbia.

Nililia kwa sauti. Mama akaja, akasimama mlangoni na kisu mkononi. Nikajiandaa kumdanganya, nimwambie nimejigonga mguu. Hakuniuliza kuhusu kilio. Alikuwa anaitazama nafasi tupu kando yangu.

"Nani anakohoa?" aliuliza.

Sijaizima mashine tangu siku hiyo. Fundi ananiambia nitaiunguza, na ikiungua ndiyo mwisho, hakuna nyingine. Kila jioni nakaa na pedi isiyochomekwa, nabonyeza, nasifiwa. Tatizo ni kifua cha Bosi. Juzi alikohoa kidogo tu. Jana alishindwa kumaliza hata mzunguko mmoja. Kilibana hivyo hivyo mara ile, siku nne kabla hajafariki.

Leo mama ametoka dukani na kichupa cha dawa ya kuchua. Amekifungua, amejipaka viganjani, amekaa pale zuliani mikono hewani. Hajui aipake wapi.