Karatasi ya Ndagala

Siku walipokutana, Fadhila alikuwa amepigana vikumbo na nusu ya Uvira kwenye foleni ya Kavimvira, mpaka wa Congo na Burundi, beseni la ndagala wakavu kichwani, kitenge cha kijani kimekazwa kiunoni kwa hasira. Mbele yake, nyuma ya meza ya mbao, alikaa kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi hadi likakakamaa. Huyo alikuwa Libérat wa Bwegera, kijiji cha bondeni kaskazini mwa Uvira, mjazaji wa karatasi za wachuuzi.

"Samaki hawa wametoka wapi?" aliuliza, kalamu mkononi.

"Mu ziwa."

"Ziwa ni ya inchi ine, maman. Minye niandike inchi gani?"

"Uwaulize samaki weye mwenyewe. Batakujibu mu Kirundi, si njo luga yako?"

Libérat alicheka mpaka foleni ikageuka. Akaandika: Congo.

Congo ilikuwa imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, nchi ya saba na kubwa kuliko zote, na wachuuzi wadogo waliambiwa kwamba mwenye karatasi ya kuonyesha bidhaa yake imetoka nchi mwanachama atavuka bila ushuru. Mzee Sumaili, baba yake Fadhila, alicheka aliposikia. Babu zake walifika Uvira kwa mtumbwi kutoka Ujiji, wala hakuna aliyewadai karatasi. Lakini Fadhila aliipenda Jumuiya, maana kila Jumanne na Ijumaa ilimpeleka kwenye meza ya Libérat. Baada ya miezi sita alikuwa anapaka wanja kwenda kuuza samaki, na hilo halihitaji maelezo.

Kisha hofu ikashuka na barabara ya bonde. Zilitangulia fununu za waasi, wakafuata wakimbizi wenye magodoro vichwani, halafu milio mizito ya mabomu upande wa Bwegera. Askari wa Jumuiya waliokuja Kivu kutuliza vita walikuwa wamekwisha kuondoka zamani, na bendera za nchi wanachama hazimzuii mtu mwenye bunduki. Hapo ndipo Libérat alipopiga simu.

"Fadhi, mupenzi, tuvuke. Niko na mujomba Bujumbura. Si Jumuiya ni moja? Kule tutaishi sawa na hapa."

"Na baba? Miguu yake haimufikishe hata ku musikiti. Nimuache na nani?"

"Minye niko naogopa. Mu barabara bantu banaanza kuniuliza natoka wapi, na luga yangu ni ya nani. Banasema inafanana na ya baasi."

"Kama unaogopa, vuka. Usiningoje."

Alikata simu na papo hapo akajuta. Alipopiga tena, mtandao ulikuwa umekufa. Ulikufa siku mbili nzima.

Siku ya tatu Norbert, jirani anayeuza vocha, alisimama mlangoni.

"Fadhila, ule mwanaume wako nimemuona asubuhi. Amevuka na mama yake na begi. Hata hakugeuka."

Maneno hayo yalimkata maini. Ni kweli ni yeye aliyemwambia avuke, lakini moyo haukutaka kusikia hilo. Alijitanda mtandio mweusi, akamwambia baba anarudi sasa hivi, akapanda pikipiki kutoka Kimanga, mtaa wao, hadi Kavimvira. Alitaka tu kuiona ile meza ikiwa tupu ndipo aamini.

Meza ilikuwa imepinduliwa. Watu walisukumana kuelekea Burundi, watoto migongoni, masufuria mikononi, na askari walipaza sauti kwamba mpaka unafungwa saa nane. Mlio mmoja ukapasuka nyuma, karibu kuliko wa jana, na umati mzima ukainama. Fadhila alishika ukuta. Baba yuko peke yake, alijiambia, rudi nyumbani.

Ndipo alipoliona shati jeupe. Lilikuwa linakuja kinyume cha watu wote, limechanika begani, limejaa vumbi. Libérat alipita chini ya nguzo ya chuma ya kizuizi, askari wakiishusha.

"Weye umevuka," Fadhila alisema. "Norbert amekuona."

"Nimemuvusha mama. Amefika kwa mujomba. Sasa nimerudi."

"Kurudi kufanya nini? Libérat, banafunga. Hapa batakuua juu ya luga yako."

"Najua. Tangu Gatumba, kule ngambo ya Burundi, niko naogopa." Alitoa karatasi mfukoni. "Soma, halafu unitukane."

Ilikuwa karatasi ile ile ya ndagala. Penye aina ya bidhaa alikuwa ameandika: mwanaume mmoja, mwoga. Imetoka: Bwegera. Inaenda: Kimanga, kwa Fadhila binti Sumaili, kama mume, akikubali. Chini palibaki nafasi ya sahihi ya mpokeaji.

Fadhila alicheka na kulia kwa pamoja. "Na baba nitamuambia nini? Weye ni Mukatolika."

"Mwambie nimekuja kumubeba. Akikuwa juu ya mugongo yangu, ya dini ataniuliza polepole."

Nguzo ilikuwa imekwisha kufungwa kwa mnyororo. Fadhila alichomoa kalamu kwenye mfuko wa shati lile, akaegemeza karatasi kifuani mwa Libérat, akatia sahihi.

"Tukisimamishwa, minye njo nitasema," alimwambia. "Weye usitoe hata neno moja."

Libérat aliitikia kwa kichwa. Wakashika barabara ya Kimanga, bega kwa bega, na njia nzima Fadhila aliomba kimoyomoyo asitokee mtu wa kumuuliza Libérat swali lile alilozoea kuwauliza wachuuzi wote, ametoka wapi.